Watu 28 Ambao Chati Haikuwaona

Leo naanza kwa kukuomba kitu. Kama unaendesha gari, au umeshika kisu unakata vitunguu, sikiliza tu, utafanya baadaye. Kama umekaa na meza iko mbele yako, tafuta maharage mawili. Ukikosa maharage, hata punje za mahindi zinafaa. Weka moja kushoto na jingine kulia, yaachane kwa sentimita 11 hivi, yaani kiganja kimoja na ushee. Inama kidogo, uso wako uwe sentimita 40 kutoka mezani. Sasa funika jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia likazie harage la kushoto, usilihame. Halafu sogeza kichwa polepole, mbele kidogo, nyuma kidogo.

Kuna mahali utafika, harage la kulia litatoweka. Ukisogea tena, linarudi.

Sasa nikuulize. Lilipotoweka, pale mahali pake uliona nini? Shimo? Giza? Sidhani. Uliona meza. Kama ina kitambaa cha bluu, uliona bluu tupu, bila tundu wala doa. Mfaransa mmoja, Edme Mariotte, aligundua jambo hili katika karne ya 17, na tangu hapo watu wamelichezea kama mazingaombwe. Sababu yake ni nyepesi. Nyuma ya jicho pana utando uitwao retina, mwembamba wa robo milimita hivi, na huo ndio unaopokea mwanga. Mahali ambapo mshipa wa fahamu unatoka kwenye jicho kwenda kwenye ubongo, retina haina kitu cha kupokea mwanga. Ni pofu pale. Mimi ninapo, wewe unapo, tumezaliwa napo, na hatujawahi kwenda hospitali kulalamika, kwa kuwa ubongo ni fundi hodari wa kutia viraka. Huchukua kitambaa cha jirani, hushona juu ya tundu, na mshono hauonekani.

Hilo la viraka liweke akilini, maana mazungumzo yote ya leo yamesimama juu yake. Maradhi yakitoboa retina mahali pengine, fundi yule yule huamka na kushona. Mtu anaweza kupoteza robo ya dunia yake, hata nusu, na asijue.

Mtaa niliokulia ulikuwa na fundi cherehani, mzee wa heshima, ambaye alitunga uzi kwenye sindano jioni, taa bado hazijawashwa. Sisi watoto tukisimama mbele ya cherehani yake na kusema "Shikamoo, fundi," aliitika marahaba na jina la kila mmoja wetu alilitaja. Miaka ikapita, watu wakaanza kumnung'unikia. Jirani anatokea ubavuni, ananyoosha mkono amsalimie, mzee anaendelea kukata kitambaa kana kwamba hakuna mtu. Mkono unabaki unaning'inia. Msibani anapitishiwa sahani ya ubani kwa pembeni, haipokei. Ndoo iliyowekwa karibu na mlango anaipiga teke, na ukimwambia pole anakuja juu. Watu wakasema, aa, tangu mwanawe apate kazi bandarini mzee anajiona.

Anajiona! Kumbe haoni.

Binti yake alimpeleka kupimwa macho. Akasimamishwa mbele ya chati ya herufi, akafunika jicho moja, akasoma. Akafunika la pili, akasoma, karibu mpaka mstari wa chini. Akaambiwa macho yake mazima, akarudi nyumbani na ndoo zikaendelea kupigwa teke. Ni siku nyingine, mahali pengine, daktari alipomtia matone ya kupanua mboni na kuchungulia hadi nyuma ya jicho, ndipo akaona makovu ya mchochota wa zamani yametapakaa kwenye retina zote mbili. Katikati palikuwa pamebaki salama. Kandokando palikuwa pamekwenda.

Neno mchochota nalitumia kwa maana hii: ukichomwa mwiba, kidole kikavimba, kikawaka moto, kikawa chekundu, huo ni mchochota. Askari wa mwili wamefika na wanapigana. Kidole kikipona huacha kovu, na kwa kovu lake utashika jembe, utashika kalamu. Retina haina bahati hiyo. Chembe zake zinazopokea mwanga zikiungua hazioti tena, na penye kovu pamekuwa kama harage lililotoweka, ila hapa hata ukisogeza kichwa halirudi.

Sasa tuizungumze ile chati. Herufi zinazoanza kubwa juu na kupungua kwenda chini zilitungwa mwaka 1862 na daktari wa Uholanzi, Hermann Snellen. Ni chombo kizuri, na kwa kazi yake kinatosha. Lakini kazi yake ni kupima kadoa kadogo katikati ya retina, kenye upana wa milimita 1.5 hivi, ambako ndiko unakosomea, unakotungia uzi na unakotambulia sura ya mtu. Sehemu nyingine yote ya retina haiulizwi swali. Na jicho moja zima, likiwa limetulia mbele, huona kuelekea upande wa sikio nyuzi 90 na zaidi kidogo, upande wa pua nyuzi 60, juu 60, chini 70. Huo ndio uwanja wa kuona. Ndio unaokuambia kuna bodaboda anakuja, kuna ngazi mbele ya mguu, kuna mkono umenyooshwa kukusalimia.

Nikutolee ushahidi kwa hesabu, na hesabu hii inatoka kaskazini mwa Nigeria, katika jimbo la Kaduna. Mwaka 1994 Profesa Adenike Abiose na wenzake walichapisha matokeo ya kupima macho ya watu 6,831 katika vijiji 34 vyenye ugonjwa wa usubi, ule unaoitwa pia upofu wa mtoni. Waliwapima kwa namna mbili. Kwanza ukali wa macho, kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani: mtu ambaye jicho lake bora, akiwa mita 3, haoni kile ambacho mzima hukiona akiwa mita 60, huyo ni kipofu. Kwa kipimo hicho walipata vipofu 185. Kisha wakapima uwanja. Kanuni inasema kwamba hata kama ukali unatosha, mtu ambaye uwanja wake umenywea hadi nyuzi 10 kuzunguka katikati, naye ni kipofu. Hapo wakapatikana wengine 28.

Nyoosha mkono mbele yako, msikilizaji, kunja ngumi. Ngumi hiyo, kwa umbali huo, ni kama nyuzi 10. Iweke ngumi ya pili kandokando yake. Upana wa ngumi hizo mbili, basi, ndio upana wa dunia yote ya mtu huyo. Ndani ya ngumi hizo anaweza kukutambua. Nje yake hakuna mbuzi, hakuna kisima, hakuna mtoto anayetambaa. Watu 28 katika jumla ya vipofu 213 ni karibu mmoja katika kila 8. Kama wapimaji wangeondoka na chati yao baada ya kipimo cha kwanza, watu hao wangeandikwa kwamba wanaona.

Vipofu hao hawakuwa wote wa usubi. Glakoma, ile tunayoiita presha ya macho, nayo hula uwanja kutoka pembeni, na ilikuwamo. Lakini asilimia 43 ya macho ya vipofu hao yalipofushwa na usubi, na usubi ni mwalimu mzuri wa mada yetu. Ngoja tumfuate mdudu.

Usubi ni kijinzi kidogo cheusi, chenye mgongo kama nundu, kinachozaliana kwenye maji yaendayo kasi, pale mto unapopiga mawe na kutoa povu. Huuma mchana. Kikimuuma mtu huacha minyoo michanga, nayo hukua chini ya ngozi ndani ya vinundu unavyoweza kuvigusa kwa kidole, kiunoni au mbavuni. Mnyoo jike huishi humo miaka 10 na zaidi, akimwaga vijiminyoo visivyoonekana kwa macho, na vijiminyoo hivyo hutembea chini ya ngozi, huwasha, huikunjakunja, na vingine huingia jichoni.

Vikiwa hai, vinazurura humo bila kelele nyingi. Taabu huanza vinapokufa. Ndani yao wamo bakteria, na mzoga unapofumuka askari wa mwili huja mbio, na vita vinapiganwa ndani ya jicho. Mbele, kioo cha jicho kinaingia ukungu na kuwa cheupe. Nyuma, retina na tabaka linaloilisha damu vinaungua, na mshipa wa fahamu unasinyaa. Na angalia moto unapoanzia: mara nyingi ni pembeni ya katikati, upande wa kuelekea sikio, na lile eneo la kusomea husalia hadi mwisho, kama kisiwa wakati bahari inajaa. Daktari Mbelgiji Jean Hissette aliyaandika maradhi haya ya macho alipokuwa Congo mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mwaka 1945 Mwingereza Harold Ridley, akitokea Ghana ya leo, akaichora retina hiyo yenye makovu kwa undani, na mpaka sasa wataalamu huiita kwa jina lake. Ridley huyo huyo ndiye aliyeweka lenzi ya bandia ya kwanza ndani ya jicho la mtu, London, mwaka 1949. Kila aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho akawekewa lenzi ana deni kwake.

Kwamba ni mchochota ndio unaopofusha, watu walijifunza kwa uchungu. Palikuwapo dawa ya zamani, dayethilikabamazini, iliyoua vijiminyoo vyote kwa mpigo. Ukisikia hivyo unasema alhamdulillahi. Lakini vikifa vyote kwa siku moja, mwili nao hulipuka kwa siku moja: ngozi inawaka, homa inapanda, na kuna wagonjwa waliopoteza sehemu ya uwanja wao wa kuona wakati wanatibiwa. Ndiyo maana dawa hiyo haipewi mtu mwenye usubi.

Iliyokuja kuokoa ni ivermektini. Asili yake ni bakteria wa udongoni waliochukuliwa Japani na Satoshi Ōmura na kufanyiwa kazi Marekani na William Campbell. Wote wawili walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa hii huvipunguza vijiminyoo bila ule mlipuko mkubwa. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ilitangaza kwamba itaitoa bure kwa ugonjwa huu, kwa kadiri itakavyohitajika. Turudi Kaduna: timu ile ile ilitoa dawa hiyo mara moja kwa mwaka kwa baadhi ya watu, na wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa, kisha wakatazama nani anapata ugonjwa mpya wa mshipa wa fahamu wa jicho. Mwaka 1993 waliripoti kwamba kwa waliomeza ivermektini ugonjwa huo ulipungua kwa takriban theluthi moja. Lililokwishaungua halikurudi. Lililobaki ndilo lililopata mlinzi.

Usubi umekuwapo hata kwetu Tanzania: Mahenge, Tukuyu, milima ya Usambara, Ruvuma. Huku husumbua zaidi ngozi kuliko macho, lakini mnyoo ni ule ule. Kwa hiyo mgawa dawa wa jamii akipita na ile fimbo yake ya kupimia urefu, maana idadi ya vidonge hufuata kimo cha mtu, usimwambie "mimi naona vizuri, wape wazee." Mjamzito na mtoto asiyefika sentimita 90 hawapewi. Wewe uliyebaki, akikuambia unafaa, meza. Kingatiba humezwa na mtu angali mzima.

Usije ukadhani, ndugu yangu wa Dodoma au wa Mombasa mbali na mito yenye usubi, kwamba habari hii haikuhusu. Retina inaweza kupata mchochota kwa njia nyingi. Kuna kaswende. Kuna kifua kikuu. Kuna toksoplasma, kijidudu kinachoenezwa na kinyesi cha paka na nyama isiyoiva sawasawa. Kuna virusi vinavyoitwa saitomegalo, ambavyo wengi wetu tunavyo na havitusumbui, lakini kwa mtu mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka sana, CD4, yaani hesabu ya askari wake wa kinga, chini ya 50, huivamia retina na kuila kama moto wa nyika: ukingo unaowaka unasonga mbele polepole, nyuma yake ni majivu. Mara nyingi huanzia kando, na mgonjwa anaweza asihisi kitu mpaka moto ufike katikati. Hii ni sababu nyingine ya kutoruka dozi ya ARV.

Na ukubwa wa kovu peke yake haukuambii hasara. Nikupe mfano wa barabara. Retina ina nyuzi za fahamu zipatazo milioni moja, kila uzi unabeba habari za mahali pake, na zote zinakusanyika kwenye mlango mmoja wa kutokea, pale pale penye harage lililotoweka. Barabara ikikatika kule mwisho kabisa, karibu na kijiji, ni kijiji hicho kilichokosa basi. Ikikatika njia panda ya Chalinze, anakosa basi wa Morogoro, anakosa wa Tanga, anakosa wa Arusha. Ndivyo ilivyo kwa kovu la toksoplasma: likikaa pembeni, hasara ni kadoa. Kovu la ukubwa ule ule likikaa kando ya mlango wa mshipa, hukata nyuzi zote zinazopita hapo, na mtu anapoteza kipande kilichopinda kama upinde wa mshale kutoka penye doa pofu hadi ukingoni. Zaidi ya hapo, picha huingia jichoni kichwa chini. Kovu la sehemu ya juu ya retina hufuta dunia ya chini, na dunia ya chini ndiyo yenye ngazi, mitaro na ndoo.

Sasa tufanyeje? Kwanza, dalili ambazo haziwezi kusubiri mwisho wa mwezi: vidoa vyeusi vinavyoelea kama inzi, vikija ghafla na kwa wingi, mimweko ya mwanga ukiwa gizani, kivuli kama pazia kinachoshuka upande mmoja, jicho jekundu linalouma na kuogopa mwanga. Yoyote kati ya hizo, nenda siku hiyo hiyo. Mchochota ukiwahiwa, dawa zipo kwa aina zake nyingi, kulingana na kilichouleta. Ukichelewa, daktari atabaki kuhesabu makovu.

Pili, ukifika huko, usiishie kwenye herufi. Sema: "Daktari, naomba na pembeni nipimwe." Hospitali kubwa zina mashine yenye umbo la bakuli kubwa jeupe, unaweka kidevu, unakazia nukta ya katikati, na kila taa ndogo inapowaka mahali fulani unabonyeza kitufe. Mwishoni inatoka ramani ya unachokiona na usichokiona. Mashine ikikosekana, vidole vipo.

Na hivi vya vidole hata nyumbani vinafanyika, msikilizaji, ingawa havichukui nafasi ya daktari. Mkalishe mzee wako mbele yako, mwachane kama mita moja. Yeye afunike jicho la kushoto kwa kiganja, wewe ufunike la kulia. Atazame jicho lako lililo wazi, asiliache. Halafu leta kidole chako taratibu kutoka nje, katikati yenu, ukikichezesha: kutoka juu, kutoka chini, kutoka kushoto, kutoka kulia. Aseme "nakiona" kinapoingia. Kama wewe umekiona kitambo na yeye bado yuko kimya, usimgombeze, usimwambie ajitahidi. Mchukueni mkamwone daktari. Kisha rudieni kwa jicho la pili.

Yule fundi wetu, walipompima kwa vidole, alicheka kwanza. Akasema mnanichezea kama mtoto. Kidole kikaja kutoka kulia, kikafika karibu na pua, bado anasema lete basi hicho kidole. Binti yake, aliyekuwa amesimama nyuma ya daktari, alikiona muda wote. Ndipo akakumbuka mikono yote iliyoachwa inaning'inia, na majirani waliokwisha kuacha kupita njia ile.

Basi, msikilizaji, ukimnyooshea mzee mkono kutoka ubavuni asiupokee, usiondoke na kinyongo. Zunguka, uje usimame mbele yake, umwamkie tena. Akiitika marahaba na kulitaja jina lako, mkae, mtafute kiti cha pili, umwambie afunike jicho la kushoto.